Uachie Ubao Unepe

Swali ninaloulizwa zaidi karakanani kila msimu wa theluji unapoanza ni hili: bamba linainua milimita ngapi? Anayeuliza huwa ameshatazama mashindano kwenye televisheni, akawaona wanariadha wamesimama juu ya kipande kirefu cheusi kilichopachikwa kwenye ubao wa theluji, akaamini kwamba siri yao ni kimo. Kimo kina kazi yake na nitaieleza. Lakini ningeruhusiwa kumwambia mteja jambo moja tu kabla hajafungua pochi, ningemwambia kwamba kazi kubwa ya bamba zuri ni kuizuia miguu isiuingilie ubao. Ubao umeundwa unepe. Miguu yetu, ikishafungwa juu yake kwa chuma na plastiki ngumu, inaunyima nafasi hiyo, na mwenye miguu hana habari.

Mimi ni fundi. Ufundi niliuanzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye springi za malori. Sasa kazi yangu ni kunoa kingo, kupaka nta na kufunga vifungio katika bonde la Gastein, mkoa wa Salzburg, Austria. Ndani ya bonde hili uko mji wa Bad Gastein, ambao kwa miaka mingi umepokea mashindano ya Kombe la Dunia ya ubao wa theluji, yanayofanyika usiku chini ya taa. Kwa hiyo wanaoleta mbao zao mezani kwangu wana macho makali, na wanataka kujua kila kitu.

Nieleze kwanza ubao wenyewe, maana wengi wetu tukisikia ubao wa theluji tunawafikiria vijana wanaoruka juu na kujizungusha hewani. Hao huvaa mabuti laini, husimama ubavu, na ubao wao ni mpana. Ubao ninaouzungumzia hapa ni wa ukoo mwingine. Kiunoni una sentimita 18 hadi 22 tu, ni mgumu, na ule wa mashindano ya kona pana unaweza kufika urefu wa sentimita 185. Mwenye nao huvaa buti la plastiki linalofanana na la mtu wa ski, na miguu yake yote miwili huelekea mbele. Tukihesabu kwamba nyuzi 0 ni mguu uliokata ubao moja kwa moja na nyuzi 90 ni mguu unaotazama puani, yeye anasimama kati ya nyuzi 50 na 65. Harukiruki. Anachotaka ni kuulaza ubao ubavu hadi ukingo wake wa chuma uzame kwenye theluji ngumu, kisha akate kona bila kuteleza kando hata kidogo, na nyuma yake ubaki mstari mmoja mwembamba. Ukiuona mstari huo asubuhi, kwenye mteremko uliosawazishwa na mashine usiku kucha, unajua aliyepita ni nani.

Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani, Michezo ileile ambayo Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye ski za masafa marefu. Kuanzia Salt Lake City mwaka 2002 ukawa wa watu wawili kushuka sambamba, mmoja njia nyekundu na mwingine ya buluu. Walio nje ya milima waliusikia zaidi mwaka 2018, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech aliposhinda dhahabu ya ski katika mbio za super-G kule Pyeongchang kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na wiki moja baadaye akatwaa dhahabu nyingine kwa ubao. Sijui mwanamichezo mwingine wa zama zetu aliyefundisha wazi namna hiyo kwamba ukingo wa chuma ni ukingo wa chuma, uwe chini ya mguu mmoja au miwili.

Sasa tuje kwenye mnepo. Ukiutazama ubao huu kutoka juu, kiuno chake ni chembamba kuliko pua na mkia, kwa sababu pembeni umekatwa kwa tao. Chukua ubao ambao ukingo wake unaogusa theluji una urefu wa mita 1.5, na tao lake ni sehemu ya duara lenye nusukipenyo cha mita 12. Hesabu za shuleni zinakupa kina cha tao hilo: sentimita 2.3 tu. Ulaze ubao huo ubavu kwenye sakafu ngumu. Pua na mkia vitagusa, kiuno kitabaki hewani. Uzito wa mtu ndio unaokisukuma kiuno chini hadi ukingo mzima uguse, na hapo ubao unakuwa umenepa. Ukiulaza nyuzi 60, kiuno lazima kishuke karibu sentimita 4 chini ya ncha zake. Na kadiri unavyoulaza ndivyo kona inavyokaza: kwa nyuzi 60, nusukipenyo cha kona kinakuwa nusu ya kile cha tao, yaani mita 6 badala ya 12.

Mnepo, basi, ndio usukani. Ubao ukinepa kwa mkunjo mmoja laini kutoka pua hadi mkia, kila sehemu ya ukingo inapita palepale ilipopita sehemu iliyoitangulia, na theluji inaushika. Ukinepa vibaya, pengine pamekunjika sana na pengine pamenyooka, kila kipande cha ukingo kinataka kwenda njia yake. Hapo ubao unakwaruza, unatetemeka, na mwishowe unaachia.

Nguvu zinazohusika si ndogo. Mtu wa kilo 75 anayekwenda kilomita 36 kwa saa, akikata kona ya nusukipenyo cha mita 10, anasukumwa kando kwa nguvu inayolingana na uzito wake wote. Mwili wake unalala nyuzi 45, na ubao unabeba kama kilo 106. Mzigo huo wote unaingia kwenye ubao kupitia sehemu mbili ndogo, chini ya vifungio.

Kila kifungio kinashikwa na skrubu nne zinazoingia kwenye nati zilizofukiwa ndani ya ubao, katika mraba wa sentimita 4 kwa 4. Juu ya mraba huo kuna kisahani, na juu ya kisahani kuna kifungio kinachobeba buti la sentimita 30. Pale kilipobanwa, ubao haunepi kama kwingine. Badala ya tao moja unapata vipande: mnepo mbele ya mguu wa mbele, pagumu, mnepo kidogo katikati, pagumu tena, kisha mkia. Watengenezaji wamelijua hilo siku nyingi, wakaweka mpira kati ya kifungio na ubao, na mpira unasaidia. Mbao zenye tabaka za Titanal zinahitaji msaada huo zaidi. Titanal ni aloi ya aluminiamu inayotengenezwa na kampuni ya AMAG kule Ranshofen, hapahapa Austria. Jina lake linafanana na titani, ila titani si kiungo chake kikuu. Chuma hicho kinatuliza mtetemo vizuri mno, lakini hakipendi kubanwa na ukingo mkali wa kisahani mahali pamoja. Kikishakunjika hakirudi.

Hata hivyo tatizo la skrubu ni dogo. Tatizo kubwa ni miguu.

Mtu amesimama juu ya ubao, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, katikati sentimita 50. Ubao unanepa: pua na mkia vinainuka, katikati panazama. Maana yake ni kwamba sehemu iliyo chini ya mguu wa mbele inainamia nyuma, na iliyo chini ya mguu wa nyuma inainamia mbele. Sehemu hizo mbili zinaanza kutazamana. Kwa ubao ule wa mfano wetu, ukilazwa nyuzi 60, pembe kati ya nyayo inafika kama nyuzi 4. Aliyevaa viatu vya kawaida hatazihisi, vifundo vyake vitazimeza. Lakini buti la plastiki limetengenezwa makusudi ili kifundo kisicheze. Nyuzi hizo zinapanda kwenye muundi, zinafika gotini, na magoti mawili yanasukumwa yakaribiane. Mwili unajibu kwa kukaza. Mtu hakuamua kukaza, misuli inajilinda yenyewe. Akishakaza, miguu yake na nyonga vinakuwa fremu moja ngumu iliyofungwa juu ya ubao, na sehemu iliyo kati ya vifungio hainepi tena kama ilivyokusudiwa.

Hili ndilo ningependa kila mnunuzi alielewe. Ugumu wa ubao alioambiwa dukani ni wa ubao mtupu. Anaouendesha yeye ni ubao pamoja na miguu yake, na huo ni mgumu zaidi, tena ugumu wake unabadilika kona kwa kona kulingana na hofu, uchovu na baridi. Asubuhi akiwa na nguvu anakaza hivi, saa nane mchana mapaja yakiwaka anakaza vile, halafu anarudi karakanani kulalamika kwamba kingo zimekuwa butu. Nazipima kwa ukucha: bado zinakwangua.

Tena mambo yanapita pande zote mbili. Mkwaruzo wa barafu unapoipiga pua, ubao unataka kunepa upite. Ukikuta miguu imeufunga, pigo linapanda hadi gotini, na ukingo unaruka kutoka kwenye mfereji wake badala ya kuufuata.

Sasa kimo, kama nilivyoahidi. Kuna vipande vidogo vya kuinulia vinavyokaa chini ya kila kifungio peke yake. Vingine ni bapa, vingine ni kabari zinazoinua vidole vya mguu wa mbele na kisigino cha mguu wa nyuma kwa nyuzi 3 au 6, ili mtu asimame bila kujinyonga magoti. Faida ya kimo ni ya jiometri tupu. Buti lako likichomoza sentimita 2 nje ya ukingo, na soli yake iko sentimita 3 juu ya tumbo la ubao, litagusa theluji ukiulaza ubao kama nyuzi 56. Likigusa, linauinua ukingo, na unaanguka ghafla. Ongeza sentimita 2 za kimo, sasa utalaza hadi nyuzi 68 kabla buti halijagusa. Ongeza 2 nyingine, unafika nyuzi 74 tu. Sentimita 2 za kwanza zimekupa nyuzi 12, za pili zimekupa 6. Na kama ubao wako una upana unaolitosha buti lako, hata hizo za kwanza hukuzihitaji.

Kimo pia ni wenzo. Mguu ukiwa juu zaidi, msukumo uleule mdogo wa goti unaulaza ubao kwa nguvu zaidi, na ubao unageuka upesi kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini wenzo una ncha mbili. Theluji nayo inapata mkono mrefu wa kukuvuta wewe. Kwenye ski, ambako mabamba yalitangulia kuzoeleka, shirikisho la kimataifa la FIS liliweka kikomo: kwa watu wazima, kutoka chini ya ski hadi soli ya buti ni milimita 50, kwa kujali magoti ya washindani. Naheshimu kikomo hicho hata ninapomfungia mtu ambaye hatashindana maishani mwake.

Bamba refu ni habari nyingine kabisa. Hili ni kipande kimoja cha nyuzi za kaboni au aluminiamu kinachobeba miguu yote miwili. Vifungio vinafungwa kwenye bamba. Kwenye ubao havigusi. Bamba lenyewe linaushika ubao mahali pawili tu, kwa ekseli mbili zinazokatiza upana wake. Ekseli ya kwanza inazunguka ila haihami. Ya pili inazunguka na pia inateleza ndani ya tundu refu, mbele na nyuma.

Aliyewahi kulala chini ya lori ameshaona kitu hiki. Springi ya majani ya lori ina jicho moja lililofungwa kwenye chesisi kwa pini na bushi, na jicho la pili linaning'inia kwenye kipande kinachobembea. Kipande hicho kipo kwa sababu springi ikikandamizwa inanyooka, umbali kati ya macho yake unaongezeka, na lazima pawe na nafasi ya kwenda. Ukikifunga kwa kulehemu, springi inakuwa chuma tu, na lori linaanza kuvunja mizigo. Nilipomwelezea bamba kwa simu mzee aliyenifundisha kazi Gerezani, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Kwa hiyo mtu ndiye chesisi, na ubao ndio springi?” Nikamjibu, “Ndiyo, Mzee wangu, ndivyo hivyo.” Akasema basi asingependa kuona mtu amelehemu upande wa pili.

Na watu wanaulehemu kila siku, kwa barafu. Ubao unaponepa, ekseli mbili zinasogeleana kwa kiasi kidogo sana. Kwa bamba lililokaa sentimita 2 juu ya katikati ya unene wa ubao, na zile nyuzi 4 tulizozihesabu, mwendo huo ni milimita 1 au 2. Ni kidogo mno hata mtu akilitazama bamba haoni kitu kinachosogea. Lakini mwendo huo ukizuiwa, bamba na ubao vinakuwa boriti moja nene, na ugumu wake unapita mbali ule wa miguu iliyokazwa. Chembe za barafu ndani ya tundu, bushi iliyovimba, skrubu iliyokazwa kupita kiasi: chochote kati ya hivyo kinaligeuza bamba la bei kubwa kuwa mzigo. Theluji inayojishindilia katika nafasi kati ya bamba na ubao inafanya vivyo hivyo, kwa sababu ubao ukitaka kunepa unakuta tumbo la bamba limejaa.

Bamba likifanya kazi yake, unachokisikia kwanza ni ukimya. Mnepo unapita chini yako bila kukugusa. Miguu inaweza kukaza inavyotaka, inakazia bamba, na nguvu hizo zinaishia ndani ya bamba. Ubao unabaki na ugumu wake wa kiwandani, ukingo unafuata mabonde madogo ya theluji, na kona inakatwa kwa tao moja. Kwenye mteremko mgumu wenye mifereji iliyochimbwa na waliotangulia, tofauti ni kubwa kiasi kwamba mtu huongeza mwendo bila kujua. Mabamba haya yalianza kuenea katika Kombe la Dunia kuelekea Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010. Mwaka huo Jasey-Jay Anderson wa Kanada, akiwa na umri wa miaka 34, alimshinda Benjamin Karl wa Austria katika fainali pale Cypress Mountain, siku ya mvua na ukungu, kwenye theluji laini iliyochakaa. Njia za namna hiyo ndizo zinazompa mtu hamu ya kusimama juu ya kitu kisichotetemeka. Karl mwenyewe alisubiri hadi Beijing 2022 kupata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na kufikia mwaka huo usingeweza kuwaza fainali ya mchezo huu bila bamba.

Upo undani ambao wateja wachache huuliza, nao ndio unaonivutia zaidi: ekseli zikae wapi? Mabamba mengi yana matundu kadhaa ya kuchagua. Ukizisogeza ekseli zikaribiane, mzigo wote unaingia karibu na kiuno, na ubao unanepa kirahisi, kana kwamba umekuwa laini. Ukizitanua, mzigo unagawanyika kuelekea ncha, katikati hapasukumwi sana, na ubao uleule unakuwa mgumu, unapenda kona pana na mwendo mkubwa. Ukilipeleka bamba zima mbele kwa tundu moja, pua inauma theluji mapema. Ukilirudisha nyuma, mkia unakusindikiza kutoka kwenye kona kwa nguvu. Yaani skrubu chache zinaweza kukupa mbao kadhaa ndani ya ubao mmoja. Nimewaona watu wakinunua ubao mpya wakati dawa ilikuwa ni kusogeza ekseli.

Unene wa bamba nao si jambo la kuchagua kwa macho. Ugumu wa kipande bapa unakwenda na kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo bamba la milimita 5 lina ugumu karibu mara mbili ya lile la milimita 4 la malighafi ileile. Jembamba linanepa kidogo pamoja nawe, linakuachia hisia ya theluji. Nene linakutenga kabisa. Mtu mzito anayekwenda kasi atalihitaji nene, maana jembamba likinepa sana tumbo lake linagusa ubao, na hapo faida yote imepotea.

Mimi ninalipenda bamba refu, na kwa sababu hiyo nawajibika kusema linachochukua. Linachukua hisia. Mtu aliyezoea kuusoma mteremko kwa nyayo, akijua kwa unyayo wa mguu wa mbele kwamba hapa ni barafu na pale ni unga, ghafla anaambiwa habari hizo zikiwa zimechelewa na zimefifia. Linachukua pia uwezo wa kuupindisha ubao kwa miguu. Mwenye ujuzi asiye na bamba anaweza kusukuma mguu wa mbele huku na wa nyuma kule, ubao ukajisokota kidogo, na kona ikaanza mapema. Bamba gumu linaufunga msokoto huo. Uzito nao upo: kilo 2 hivi, pengine zaidi ukihesabu vyuma vyote, na kilo hizo ziko chini kabisa ya mwili, zinapaswa kurushwa kutoka upande hadi upande katika kila kona. Katika slalomu jayanti, yale mashindano ya kona pana, ambako milango ya kupita imeachana mita 20 na zaidi, muda upo wa kuzirusha. Katika slalomu ya kawaida, ambako nafasi ni karibu nusu ya hiyo na ubao wa wanaume ni wa sentimita 163 au pungufu, kila gramu inadaiwa. Kwenye theluji laini ya kina, silipendekezi kwa yeyote.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wateja. Bamba likiitenga miguu na ubao, ubao uliokuwa unafaa unaweza kuonekana umelegea. Haujalegea. Ulikuwa umechaguliwa ukiwa na msaada wa miguu iliyokaza, na msaada huo umeondoka. Mtu mzito mwenye ubao wa zamani akifungiwa bamba, ubao unaweza kunepa kupita kiasi katikati na kuikunja kona kabla hajawa tayari. Kwake yeye natanua ekseli kwanza, na ikishindikana namwambia wazi kwamba ubao wenyewe ndio umefika mwisho wake. Kwa mtu mwepesi ni kinyume. Wapo wanawake wepesi hapa bondeni ambao kwa miaka wamekuwa wakiambiwa hawana nguvu za kuutawala ubao mgumu. Nguvu wanazo. Uzito wao ulikuwa unatosha kuunepesha ubao, ila haukutosha kuunepesha ubao pamoja na fremu ya miguu yao. Nikiwafungia bamba jembamba, ekseli zikiwa karibu, wanashuka wakiwa na kona ambazo hawakuwahi kuzipata. Nikiulizwa nani ananufaika zaidi na bamba, nawataja hao kabla ya washindani.

Matunzo hayana siri. Kabla ya kila siku ya kuteleza, shika ubao kwa pua na mkia, gandamiza katikati ya bamba kwa goti, uone kama ekseli ya pili inahama. Kama haihami, usishuke nao. Futa theluji iliyo chini ya bamba kila unapopumzika. Usiache ubao nje ya mlango usiku, unyevu utaganda ndani ya tundu. Tumia grisi isiyogandishwa na baridi, tena kidogo, maana grisi nyingi hukusanya mchanga unaomwagwa kwenye njia za miguu. Skrubu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Nati zilizofukiwa ndani ya ubao zikishang'oka, ukarabati wake ni mgumu na mara nyingi hauna maana. Na bushi zikianza kucheza, zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa sababu bushi moja mpya kati ya tatu chakavu italibeba bamba upande.

Anayeanza mchezo huu namshauri asinunue bamba msimu wake wa kwanza. Anunue buti lililofinyangwa kwa mguu wake, vifungio vyenye mpira chini yake, na ubao wenye upana wa kutosha ili buti lisichomoze. Anoe kingo mara kwa mara. Ajifunze kukata kona kwenye theluji ngumu ya asubuhi hadi aanze kuyahisi magoti yake yakisukumwa yakaribiane. Siku atakayokuja kuniambia hivyo kwa maneno yake mwenyewe, nitajua anahitaji nini. Nitamwekea bamba la milimita 4 na ekseli kwenye matundu ya ndani, na nitampa bushi za akiba.